Glasi ya Tano

Mama yangu, Haykanush, alifuma soksi miaka kumi na tisa
katika kiwanda cha Gyumri, hadi ardhi ilipotikisika ikakilaza.
Tangu hapo twakaa kibanda cha bati
walichosema ni cha muda.
Muda huo na mimi tu marika.

Januari mkanda wa jeshi ukamfunga,
toka uti wa mgongo hadi chini ya titi la kushoto,
malengelenge kama shanga zilizotungwa na mtu mwenye hasira.
Ni tetekuwanga ya utotoni, daktari alisema,
ililala kwenye mishipa ya fahamu miaka sitini na kitu,
sasa imeamka na njaa.
"Mmewahi. Leo siku ya pili. Wengi huja wiki imepita."

Vidonge vyeupe, mara tano kwa siku:
saa moja, saa tano, saa tisa,
saa moja tena, saa tano tena.
Niliziandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati.
Kila kidonge na glasi nzima ya maji,
Arpenik wa duka la dawa alisema, akigonga kaunta kwa ukucha:
"Nzima. Si funda."

Sikujua hesabu aliyokuwa akipiga mama.
Choo chetu kiko nje, hatua arobaini kwenye theluji
(nilizihesabu baadaye).
Kunywa ni kwenda. Kwenda ni kuteleza.
Basi alimeza kidonge kwa funda moja,
maji yaliyobaki akalimwagia ua la dirishani,
nami nikawa nalisifu,
namna lilivyonawiri katikati ya baridi.

Siku ya nne aliniita kwa jina la dada yake marehemu.
Akamwona baba kando ya jiko, na koti lake,
akamlaumu kwa kuacha mlango wazi.
Mikono ilimtetemeka hadi kijiko kikalia kwenye sahani.
Jirani yetu Vardges akasema, uzee huo.
Uzee hubisha hodi, nikamjibu, hauvunji mlango.

Nikampigia Arpenik.
Hakuuliza jina. Aliuliza: "Anakojoa?"

Mimi niliyejua bei ya kila kidonge
sikuwa na jibu.

"Cha saa tisa usimpe. Mpeleke hospitali, sasa hivi."

Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu,
alichora figo nyuma ya bahasha:
dawa hii hutokea hapa; hapa pakikauka
hurudi nyuma kama maji ya mtaro ulioziba,
hupanda, hupanda, hadi kichwani.
"Na nini kingine alichokuwa akimeza?"

Hakuna, nilisema.
Kisha nikarudi nyumbani, nikafungua kopo la sukari,
nikakuta vidonge vya mgongo vya Vardges,
tisa vimebaki kati ya ishirini.
Vilivyomnyoosha yeye vilizibana figo za mama.
Simlaumu. Alitoa alichokuwa nacho.

Walimtundikia maji. Dawa wakaisimamisha,
wakairudisha baadaye, kidogo,
kwa kipimo cha figo zake
na si cha karatasi ya kwenye boksi.
Siku ya tatu aliniita kwa jina langu
akaongeza kwamba nywele zangu ni aibu.
Nililia kama mtu aliyesifiwa.

Malengelenge yamekauka. Maumivu bado yapo,
yaweza kukaa miezi, walituambia, tusidanganyane.
Vardges amechimba njia kwenye barafu, akamwaga majivu
hatua zote arobaini, na kamba ya kushikilia.
Nami nimenunua ndoo yenye kifuniko, ya usiku;
mama aliinunia siku mbili, akaizoea.

Saa tano ya mwisho, hukaa kitandani mbele yake.
Simwangalii mkono. Naangalia koo:
linashuka, linapanda, linashuka.
Ananigeuzia glasi juu chini, kama mlevi kilabuni,
halidondoki tone.

Ua la dirishani limeanza kulegea.
Nalimwagilia mwenyewe,
kwa maji yake lenyewe.